Mbuzi Watatu wa Ng'ang'a

Nuu,
9 Februari 1986

Mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, Mumbua,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, halafu nakusalimu tena kwa jina langu mwenyewe, maana jina la Bwana siku hizi naona unalisikia kwa sikio moja. Huku hatujambo. Ndengu zimekubali, hata pale kwenye mawe ambapo Baba alisema tusipoteze mbegu, na sasa anasema yeye ndiye aliyetuambia tupande. Mguu wake bado unamsumbua. Mdomo haujaguswa na ugonjwa wowote. Mwanangu Muli amevuka darasa la sita akiwa wa tisa kutoka nyuma, na tunashukuru, kwa sababu mwaka jana alikuwa wa nne.

Baba Muli anakusalimu sana kutoka Mombasa. Kazi ya bandari ni nyingi, ndiyo maana hata Krismasi hii hakupewa ruhusa.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita tulipata mgeni kanisani, mhubiri mwenye sauti, akahubiri juu ya watu wa njoo-tukae. Alisema kuna watu wanaishi pamoja kama kuku, jogoo anaingia, tetea anaingia, hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Mumbua, kanisa lote likanigeukia. Mimi mwenye pete kidoleni tangu mwaka wa sitini na nane, mimi mwenyekiti wa akina mama, niligeukiwa kwa sababu ya kuku aliye Emali.

Miaka sita unakaa na huyo mtu wako. Ana duka, ana mizani, ana mabati mapya, na Baba yetu hajaonja hata supu. Je, ntheo inamshinda? Hatujamwambia alete ng'ombe. Ni mbuzi watatu tu, majike wawili na dume mmoja. Dume anachinjiwa nyumbani kwenu, wazee wanakula, na kuanzia siku hiyo wewe ni mke wa mtu. Bila hivyo wewe ni mgeni katika nyumba hiyo, hata ukizaa watoto kumi. Baba anasema mguu wake mmoja uko kaburini tayari, lakini huu mwingine unangoja mbuzi.

Mwambie huyo mtu. Ama uniambie wewe ukweli kama hakutaki.

Ni mimi dada yako mwenye ndoa,
Kalunde (Mrs. Jonah)


Emali,
2 Machi 1986

Dada Kalunde,

Salamu zako mbili nimezipokea, ile ya Bwana na yako, na zote nimezisikia kwa masikio mawili. Mimi ni mzima. Cherehani yangu imerekebishwa na kazi ni nyingi, maana Pasaka inakaribia na kila mtu Emali amegundua kwamba nguo yake ni kuukuu. Mpongeze Muli. Akiendelea kupanda hivyo, atafika katikati akiwa na ndevu.

Salamu za Baba Muli pia nimezipata. Zinafanana sana na za mwaka jana.

Kuhusu Ng'ang'a, kwanza ana jina, anaitwa Evanson Ng'ang'a, mwana wa Gachanja, na si huyo mtu. Pili, umemwonea bure. Yeye si mtu wa kukimbia. Ameniomba mara tatu tufanye mambo ya wazee, na mara zote tatu nimekataa. Ni mimi, dada. Usitafute mwingine wa kulaumu.

Nikueleze tunavyoishi, ili siku nyingine mhubiri akisema kuku uwe na la kujibu. Asubuhi Ng'ang'a huamka kabla yangu. Anawasha jiko, anachemsha chai, anaweka tangawizi, ananiletea kitandani. Si siku ya ugonjwa, ni kila siku. Mama yake, Wariara, alipotutembelea kutoka Murang'a alimwona akipita na kikombe, akafikiri nimemlisha kitu. Siku moja nikamuuliza Ng'ang'a kwa nini anafanya hivyo. Akanijibu, "Nisipokuletea, si utaenda kwenu?" Na ni kweli, nitaenda. Hakuna mbuzi wa kunizuia, hakuna mzee wa kunirudisha. Hicho ndicho kinachomwamsha, Kalunde. Mwanaume akishakuwa na hakika analala.

Sababu nyingine ninayo lakini haiandikiki.

Habari nyingine ni kwamba Ng'ang'a alipata mbuzi watatu, akawafunga nyuma ya duka, wakakata kamba na kula kitambaa cheupe cha bibi harusi wa mjini Sultan Hamud. Nililia mimi, akalia bibi harusi. Nikamwambia Ng'ang'a nisiwaone tena. Jana nikaamka hawapo. Amesema amewapeleka mahali penye majani mazuri. Amekuwa mtu wa kucheka peke yake tangu hapo, sijui ana nini.

Mdogo wako,
Mumbua


Nuu,
16 Machi 1986

Mke wa mtu! Mumbua wetu!

Haleluya! Mikono yangu inanuka nyama ninapoandika, nisamehe kama karatasi ina mafuta. Sisi wote ni wazima na tumeshiba.

Kumbe ulikuwa unanificha ili nishtuke! Lori la Mutiso, yule dereva anayepita kwenu Emali, lilisimama hapa nyumbani kwa Baba, Mutiso akashuka, akawashusha majike wawili na dume mmoja, dume mwenyewe ana pembe kama usukani wa baiskeli. Akasema, "Hawa ni wa Ng'ang'a wa Emali." Hakuongeza neno. Neno gani lingine lilihitajika? Baba aliinuka kitini bila fimbo. Mumbua, bila fimbo! Akatembea mpaka kwa dume, akamshika mgongo, akasema, "Sasa naweza kufa, lakini si leo."

Baba mdogo Ndululu aliitwa, akaja na kisu chake na wazee wake, na wengine ambao hawakuitwa. Dume alichinjwa vizuri, damu ikamwagwa mahali pake, maneno yakasemwa. Mimi niliomba sala ndefu, ndipo nyama ikapoa kidogo. Hakuna kilichobaki isipokuwa ngozi, na ngozi ameilalia Baba. Majike wawili wako zizini, na mmoja ana mimba, jambo ambalo wazee wamelifurahia sana.

Shemeji Ng'ang'a ni mtu wa heshima. Siku zote nilisema hivyo. Mwambie shemeji kwamba wamama wa kanisa wanamsalimu kwa jina, na kwamba Jumapili tulipokaa kwenye benchi hakuna aliyenigeukia.

Baba Muli anakusalimu na kukupongeza, amefurahi mno.

Dada yako katika ndoa,
Kalunde (Mrs. Jonah)


Emali,
23 Machi 1986

Kalunde,

Leo sina salamu, zitakuja baadaye zenyewe kwa basi.

Mmenioza! Mmekula mbuzi wa malisho, mkaomba sala ndefu, mkanioza, nami nimekaa hapa Emali nashona kola ya mwalimu! Hao mbuzi si wa ntheo. Ni wale waliokula kitambaa, niliowafukuza mimi mwenyewe! Ningejua wanakuja huko ningewafunga kitandani.

Nimemshika Ng'ang'a. Akanitazama kwa macho ya mtoto wa kanisa, akasema, "Mimi ni mtu wa Murang'a, hayo mambo ya Wakamba nitajua aje? Mimi nilitafuta majani tu." Mtu ambaye amekaa Emali miaka kumi na tano, anajua kumtukana mtu kwa Kikamba na kumwomba msamaha kwa Kikamba, leo hajui ntheo.

Nikamngoja Mutiso apite na lori. Nikampa soda, nikamkalisha, nikamuuliza. Kwanza akasema, "Mama, mimi ni dereva tu." Nikamwongezea mandazi. Akasema, "Sasa sikiliza, lakini usiseme ni mimi. Hao mbuzi walikuwa majike wote watatu. Huyo mzee wako alinizungusha Kathonzweni mchana mzima, akitaka kubadilishana mmoja apate dume. Nikamwambia, Ng'ang'a, mbuzi ni mbuzi, jua ni kali. Akakataa kabisa. Akasema, hapana, lazima mmoja awe wa kiume, na awe na pembe nzuri."

Umeona? Majani gani yanayotaka pembe nzuri?

Sasa Ng'ang'a analala stoo juu ya magunia ya maharagwe. Simsemeshi. Asubuhi anabisha mlangoni na kikombe. Chai naipokea, kwa sababu chai haina kosa, halafu nafunga mlango.

Nakuomba kitu kimoja, na usinihubirie. Nitafutie mbuzi wa kukataa, yule anayerudishwa kwa mume ili watu wajue mwanamke amemkataa na mambo yameisha. Baba mdogo Ndululu anajua taratibu, maana kisu chake kiko tayari kwa kila jambo. Mkabidhi Mutiso, amlete hapa, nimfunge mlangoni mwa stoo. Mlinioza kwa mbuzi, mtanitoa kwa mbuzi.

Mumbua, ambaye si mke wa mtu


Nuu,
27 Aprili 1986

Kwa mdogo wangu mwenye hasira,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima ili nijibu nikiwa nimetulia. Mvua imetushika vizuri. Yule jike amezaa mapacha, na Baba amewapa majina, mmoja Emali na mwingine Murang'a. Kwa hiyo hata ukikataa, wajukuu wa ndoa yako wako hapa wanaruka juu ya paa la jiko.

Nilimuuliza Ndululu. Anasema mbuzi wa kukataa yupo, ni haki ya mwanamke, lakini lazima mwanamke awe na sababu inayosemeka. Mume anampiga? Hapana. Mume ni mlevi? Hapana. Mume anamletea chai kitandani? Hapo Ndululu aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama ni mgonjwa wa akili.

Nimemfunga hapa mbuzi mweupe wa kwangu mwenyewe, yule wa masikio marefu, kwa ajili yako. Lakini simtoi mpaka uniambie. Uliandika kwamba una sababu isiyoandikika. Iandike. Mimi nimekaa ndani ya ndoa miaka kumi na minane na sijaona ubaya wake. Ndoa ni heshima. Ukipita njiani unaitwa mke wa fulani. Ukifa inajulikana utazikwa wapi. Hata kama mume yuko mbali, jina lake linakaa mlangoni kama kufuli.

Baba Muli anakusalimu sana, kazi bandarini bado ni nyingi.

Kalunde (Mrs. Jonah)


Emali,
18 Mei 1986

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Ng'ang'a ameokota vipande akanigongea, akasema, "Mwambie. Angekuwa dada yangu ningemwambia." Tulisemezana kwa mara ya kwanza tangu Machi, kupitia mlango, na ilikuwa juu yako.

Umetaka sababu. Sababu ni wewe, Kalunde.

Nilikuwa msichana wa kubeba kiti chako siku ya harusi yako. Nakumbuka jinsi Jonah alivyokuwa kabla. Alikuwa akija kwa Baba amebeba maji, anakata kuni ambazo hakuombwa, anakuita mpaka majirani wanajua jina lako. Mbuzi wakaliwa, pete ikavaliwa, na kuanzia hapo sikumwona tena akigusa hata kifuniko cha sufuria. Nilikuja kwako ulipokuwa umejifungua Muli. Ulikuwa umelala, Jonah amekaa mita mbili kutoka kwenye chupa ya chai, na alikuita uamke umimine. Nikajiambia, mimi hapana. Mimi nitakaa na mtu ambaye hajamaliza kunitafuta.

La pili ndilo gumu, na nililikalia tangu Februari. Ng'ang'a alienda Tulia kununua ndengu. Akaingia hoteli moja ndogo kando ya soko, ya mwanamke mmoja tu. Aliyemletea chai alikuwa Jonah. Si mtu anayefanana naye, ni Jonah, walisalimiana kwa majina. Anaishi hapo na huyo mama, hawajaoana wala hawana habari ya kuoana, mwaka wa tatu sasa. Mombasa aliiacha zamani. Alikuwa amevaa aproni, dada. Yenye maua. Alikuwa anaosha vikombe.

Sikukuambia kwa sababu kila barua ulinipa salamu zake, nami nikaogopa kumnyang'anya mtu salamu. Nisamehe. Nakupenda kuliko yeyote chini ya jua, hata huyu aliyelala juu ya maharagwe.

Mumbua


Emali,
20 Julai 1986

Dada Kalunde,

Miezi miwili hujaandika. Nimemuuliza Mutiso, anasema amekuona sokoni na uko mzima, lakini hukumtuma neno. Kama umenikasirikia, nitukane. Wewe unajua kutukana kwa mistari ya Biblia, nitumie hata mmoja.

Huku tuko salama. Ng'ang'a ametoka stoo kwa sababu panya walianza kumzoea. Sijamsamehe, nimemhurumia tu.

Andika, tafadhali. Hata kunisalimia tu.

Mumbua


Nuu,
14 Septemba 1986

Mwiitu wa mwaitu,

Habari zako zilifika. Huku tuko wazima. Baba ana nguvu kutuzidi, na Emali na Murang'a wamemlia mchungaji kofia.

Niliposoma barua yako nilisema wewe ni mwongo na Ng'ang'a ni mwongo. Nikakaa na maneno hayo siku nyingi. Halafu nikamwambia Baba naenda kwenye kongamano la akina mama, nikavaa kitambaa changu cha kichwa cha Jumapili, nikapanda lori la Mutiso mpaka Tulia. Bandari ya Tulia, Mumbua, haina hata mto.

Hoteli niliiona. Nikaingia, nikakaa karibu na ukuta, nikainamisha kichwa. Huyo mama alikuwa ananunua mboga nje. Akaja mtu akapangusa meza yangu, akapangusa vizuri mpaka pembeni, akauliza, "Chai ya maziwa ama ya rangi, mama?" Nikasema ya maziwa. Akaenda akaileta, na kisahani chini.

Ndipo nikainua uso. Akasimama pale na kile kitambaa begani, na maua yake kifuani. Kweli aproni ina maua, mekundu. Jonah akaanza kulia yeye, mimi nikanywa chai. Nilikunywa yote. Miaka kumi na minane ya ndoa, Mumbua, na hicho ndicho kikombe cha kwanza ambacho mume wangu ameniletea. Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke, sikujiandaa kwa kikombe. Miaka yote nilidhani mikono yake haijui. Kumbe ilikuwa inajua.

Nikalipa kama mteja mwingine yeyote, nikatoka. Huyo mama wa hoteli alinisalimia mlangoni kwa adabu, na sikuona sababu ya kumchukia. Nililia kwenye lori, Mutiso akaongeza mwendo, basi nikalia kwa kuogopa ajali, nikanyamaza.

Uliniagiza mbuzi wa kukataa. Nilimlisha vizuri, akawa mnene. Jumapili iliyopita nilimfungua, nikampeleka. Sikumpa Mutiso. Nilimvuta mwenyewe kwa kamba, nikavuka kijito, nikapita mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani, nikamfunga kwenye mlango wa wazazi wa Jonah. Baba mkwe aliuliza, "Huyu ni wa nini?" Nikamwambia, "Wewe ni mzee, unamjua huyu ni wa nini." Ndululu alikuwa nyuma yangu kama shahidi, na safari hii hakuuliza kama sababu inasemeka.

Mchungaji alikuja usiku wa pili kuniambia ndoa ya pete haivunjwi kwa mbuzi. Nikamwambia pete ilikuja nyuma ya mbuzi, na itarudi nyuma ya mbuzi. Nimeambiwa nipumzike uenyekiti. Nimelala vizuri kuliko usiku wowote tangu Krismasi.

Kwa hiyo mbuzi wako nimemtumia. Kama bado unataka kumkataa shemeji, itabidi utafute mwingine, na kwangu hawapo. Lakini kwanza nijibu kitu kimoja, na uape kwa Mungu. Sasa amekuoa, ana hakika, wazee wamekula. Bado anaamka?

Ni mimi,
Kalunde wa Mutie


Emali,
5 Oktoba 1986

Dada yangu Kalunde wa Mutie, uliyerudi kwenye jina la Baba,

Barua yako nilimsomea Ng'ang'a kwa sauti. Nilipofika kwenye kisahani alitoka nje akajifanya anaangalia mizani.

Naapa kwa Mungu. Anaamka. Tangu Machi nimekuwa nikilala jicho moja nikingoja siku atakayosema, "Si wewe ni mke wangu sasa, amka." Siku hiyo haijafika. Nilipomuuliza, alinijibu, "Kuoa ni kwa wazee. Chai ni yako." Nikamwambia arudie, akarudia, na sikumpeleka stoo tena.

Lakini nimemwambia ndoa iliyoliwa nikiwa sipo siitambui. Desemba tunakuja Nuu na dume mwingine, nimemchagua mwenyewe, na wa kwanza kuonja ni mimi, kabla ya Ndululu. Mwambie mapema, asije akaanza na kisu. Mwambie na Baba kwamba ngozi hii ni ya kwangu.

Na wewe usimngoje huyo dume mpaka Desemba. Mutiso anapita huko Alhamisi. Mwache Muli na Baba, wataangaliana. Kuna chumba, kuna kazi ya kushona vifungo, na hakuna mtu Emali anayejua ulikuwa mke wa nani. Ng'ang'a tayari amenunua kikombe chako, kikubwa, cha buluu. Jana aliniuliza unaweka vijiko vingapi vya sukari. Nikafungua mdomo nijibu, nikagundua sijui. Mimi ni mdogo wako na sijui, na nadhani hata wewe hujawahi kuulizwa.

Njoo umwambie mwenyewe.

Mumbua